Ukurasa wa Nne wa Bima Yako

Mtaa wa Fedha, Nairobi, Jumamosi mchana

Mutua,

Salamu za nini, na tumeamka tukigombana? Wewe sasa hivi uko Kware unachomelewa trela yako, mimi niko mezani, na hilo beseni lako la fibaglasi unaloliita boti limeziba lango la ploti hata wapangaji wanapita kiubavu. Mlinzi ameniuliza mara mbili litaondoka saa ngapi. Nimemwambia kesho asubuhi, pamoja na mwenyewe.

Nimekasirika. Naandika hivyo mapema ili usifike katikati ya barua ukadhani nimepoa.

Sitakwambia ule vizuri huko Kisumu, wala usisahau kufua. Una miaka ishirini na mitano. Kazi ya kutengeneza injini umeipata kwa mikono yako mwenyewe na sina neno nayo. Neno langu ni hiyo likizo mnayotaka kuanza nayo kabla hujaripoti kazini, wewe na mchumba wako Akinyi na huyo rafiki yako Brayo, kuvuka ziwa mpaka visiwa vya Uganda kwa boti isiyotoshea hata kochi langu. Na neno langu la pili ni lile ulilonitupia asubuhi mbele yao.

Nalirudia hapa, maana najua wewe ukishasema kitu unakiacha hapo hapo kama ganda la ndizi.

"Boti iko na bima, mathe. Nimelipia. Sasa nini tena?"

"Inakufikisha wapi?"

"Inafika penye inafika."

"Umeisoma?"

Ukaweka spana chini, ukanyooka, ukasema: "Si wewe walikufuta kazi ya makaratasi? Sasa unataka kunifunza makaratasi?"

Brayo akacheka. Akinyi akaangalia viatu vyake. Mimi nikaingia ndani nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Basi ndiyo, walinifuta. Marehemu baba yako alikwambia kampuni ilipunguza watu. Alikudanganya kwa sababu nilimwomba, na alikufa bado ananitunzia uongo huo. Leo umenitukania kazi ile bila kujua ilikwishaje, kwa hiyo keti, usome.

Nilikuwa karani kwenye kampuni ya bima mjini, meza ya vyombo vya majini. Meza yenyewe ilikuwa pembeni, karibu na choo, maana Nairobi hii nani ana boti? Wiki nzima ingeweza kupita nisipate mteja. Wenzangu wa bima za magari walikuwa wakinitania kwamba mimi nimeajiriwa kuchunga mlango wa choo.

Mteja mmoja alikuwa haniachi. Alikuwa akiitwa Mwalimu Wekesa. Alikuwa akifundisha shule ya msingi mtaa wa Baba Dogo, akiishi Lucky Summer na mkewe na mabinti wawili, na kwao ni karibu na Port Victoria, kando ya ziwa. Huko ndiko alikoweka boti ndogo ya injini, ya mkono wa pili kama yako. Kila mwaka akija kufanya upya bima yake alikuwa akiniletea picha za hiyo boti, kama mtu anayekuonyesha mtoto. Hii tumeipaka rangi. Hii tumeiwekea kiti cha mke wangu, Mama Nafula. Nilikuwa nikizitazama nikiwaza mambo yangu.

Siku moja ya Ijumaa, ofisi inakaribia kufungwa, akaja tena. Alikuwa amevaa koti lake la shule lenye chaki mfukoni. Hakuketi.

"Dada," akaniambia, "likizo ya Desemba nataka kuwavusha wasichana wangu Uganda, wakaone visiwa. Hii bima yangu inanifuata huko?"

Faili lake lilikuwa mbele yangu. Jibu lilikuwa ukurasa wa nne. Ningefungua kurasa tatu tu ningeliona: bima inafanya kazi katika maji ya Kenya pekee, isipokuwa mwenyewe ameomba nyongeza ya kwenda ng'ambo na kampuni ikakubali kwa maandishi kabla ya safari. Nyongeza hiyo ni karatasi moja, Mutua. Moja. Ningeichapa akiwa amesimama pale pale.

Lakini sokoni Gikomba kulikuwa kumefunguliwa robota la viatu vya mitumba vya watoto, na mwenzangu alikuwa amenipigia kuniambia vizuri vinaisha. Nilikuwa nimeshavaa mkoba begani. Nikamwambia, "Bima ni bima, Mwalimu. Inakufuata kama kivuli."

Aliipenda hiyo. Alicheka, akanishukuru, akaniahidi nanasi la Uganda.

Vile viatu vyeusi ulivyovaa darasa la pili, vyenye kifungo cha shaba, ndivyo nilivyokimbilia siku hiyo. Sikwambii ili ujione una hatia. Nakwambia kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu watu hudhani ubaya mkubwa unahitaji sababu kubwa.

Waliondoka Desemba. Mwalimu hakupitia forodha wala uhamiaji, kwa sababu nilimpa kichwa kwamba mambo yake yote yako sawa, na watu wa kwao walikuwa wamezoea kuvuka kwenda kuona jamaa kama mtu anavyovuka barabara. Siku ya tatu, akiingia ufuo mmoja upande ule, jua lilimpiga machoni. Kulikuwa na mvuvi kwenye maji ya magotini, ameinama nyuma ya mtumbwi wake akichomoa samaki kwenye nyavu. Mwalimu hakumwona mpaka alipomsikia. Injini ilimpata mguuni. Mkewe alifunga lile jeraha kwa leso yake, wasichana wanalia, na watu wa ufuoni wakambeba yule mtu mpaka zahanati. Mguu ulikatwa chini ya goti.

Yote hayo niliyajua baadaye, kwenye barua za madai. Habari ya leso haikuwa kwenye barua. Hiyo niliambiwa na Mama Nafula mwenyewe.

Askari walikuja, kama ambavyo wangekuja popote. Wakaomba hati ya boti, cheti cha nahodha, karatasi ya forodha ya kuingiza boti nchini kwa muda, na bima. Ya forodha hakuwa nayo, kwa hiyo boti ikawa ni mali iliyoingizwa kwa siri, ikazuiliwa. Ya bima aliitoa kwa fahari kabisa, imefungwa kwenye plastiki. Wakapiga simu Nairobi. Nairobi ikafungua ukurasa wa nne.

Mkewe na watoto waliruhusiwa kurudi. Yeye alizuiliwa kule wiki saba. Shule zikafunguliwa bila yeye, darasa lake likapewa mtu mwingine, na aliporudi alikuta barua ya kusimamishwa kazi kwa kutoroka.

Alikuja ofisini moja kwa moja. Koti lile lile, lakini sasa lilikuwa likimning'inia. Meneja akatuita sote wawili. Nakumbuka kulikuwa na birika la chai na hakuna aliyemimina.

Mwalimu hakumtazama meneja. Alinitazama mimi. "Dada," akasema, "si nilikuuliza?"

Nikasema, "Hapana, Mwalimu. Hukuniuliza."

Nilisema kwa heshima, kwa sauti ya chini, hata nikaongeza "pole sana." Meneja akaandika. Mwalimu hakupaza sauti, hakunitukana. Alinitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyenakili mtihani, kisha akasimama akatoka. Nanasi hakuniletea, ukitaka kujua.

Dai likakataliwa. Mimi, kwa kuilinda kampuni, nilipandishwa kuwa msimamizi wa meza ile. Wakanihamisha kutoka karibu na choo, wakaniweka dirishani. Tulikula kuku siku hiyo. Ulikula mapaja yote mawili na baba yako akakuachia.

Nilikaa dirishani miaka miwili.

Kilichonitoa hapo si wema, usije ukanipamba. Ni barua. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili cha kuungaunga, na yule mvuvi. Alikuwa anauliza tu kama tulipata barua zake za kwanza. Nilifungua kabati nikazikuta. Tano. Zote zilikuwa na muhuri wetu wa kupokelewa, na sahihi kwenye muhuri ilikuwa yangu. Nilikuwa nimezitia sahihi bila kuzisoma. Kwenye moja alikuwa amechora mguu wa mbao, na vipimo, labda akidhani hatujaelewa anataka nini.

Jumamosi hiyo nilienda Lucky Summer. Niliulizia nyumbani kwa Mwalimu nikaonyeshwa nyumba ya mabati nyuma ya jengo alilokuwa akikaa zamani. Mama Nafula alifungua mlango, akanijua mara tu nilipotaja kampuni, akausimamia.

"Umekuja kuuliza," akasema, "au umekuja kujibu?"

Akaniacha nimesimama juani mpaka akamaliza kuanua nguo, kisha ndipo akanisimulia ile habari ya leso, yote, bila kunikaribisha. Mwalimu alikuwa ndani na watoto wa jirani aliokuwa akiwafundisha masomo ya ziada. Aliwatoa nje. Nikaingia, nikaanza kulia, nikaanza kusema nisamehe.

Alininyamazisha kwa mkono. "Usinililie kwenye kiti changu," akasema. "Mimi nilijua siku ile ile kwamba unadanganya. Kama una la kusema, kaliseme pale ulipolisemea uongo."

Akawaita watoto warudi, nikajua nimefukuzwa.

Jumatatu niliandika maelezo, nikatia sahihi, nikampelekea meneja. Aliyasoma akaniuliza, "Ndinda, una mtoto?" Nikasema ninaye, yuko darasa la nne. Akasema, "Basi chukua hii karatasi, uichane, nami nitasahau niliiona." Nikamwambia nimeshapeleka nakala nyingine kwa wakubwa zake. Hiyo ndiyo dakika pekee ya maisha yangu yote ya ofisi ninayoweza kuitazama bila kukunja uso.

Walinifuta kabla ya wiki kwisha. Kwa kuwa karani wao ndiye aliyempotosha mteja, walimlipa yule mvuvi, hatimaye. Boti ilikuwa imeozea kule ilikozuiliwa. Mwalimu hakurudishiwa darasa lake, miaka miwili ilikuwa imepita na faili lake limeshafungwa. Mara ya mwisho kumwona tulikutana kwenye foleni ya hospitali. Alinipisha nipite, kama mtu anavyompisha asiyemjua. Hajawahi kunisalimia na hana deni la kunisalimia.

Ndipo tukahamia Kware, chumba kimoja, ghorofa ya tano, jengo la mbele likiwa karibu kiasi cha kusikia jirani akikoroga uji. Uliniuliza kwa nini tumeacha nyumba yenye bafu. Nilikuchapa. Ulikuwa hujakosa lolote. Hilo nalo ni langu.

Sasa tuje kwako.

Asubuhi kabla hujaondoka na ile trela nilichukua faili lako kwenye gari. Ndiyo, nimepekua vitu vyako. Nimelisoma lote, na nimesoma kwa miwani, mara mbili.

Bima yako inasema maji ya Kenya pekee. Ukurasa wa nne, Mutua. Sikutia chumvi, fungua mwenyewe. Kampuni nyingine, miaka mingine, na sentensi ni ile ile karibu neno kwa neno.

Inasema pia mwendeshaji ni wewe peke yako, mwenye cheti. Juzi nilimsikia Brayo akijigamba kwamba yeye ndiye atashika usukani mkishafika kwenye maji makubwa. Brayo, ambaye alishindwa kurudisha bodaboda ya watu bila kuikwaruza! Akigonga mtu, hata mkiwa hapa hapa kwetu Kenya, wewe huna bima. Na ukipigwa na mawimbi ukaumia ukamwachia ashike, bado utahitaji kueleza.

Hati ya umiliki bado ina jina la yule aliyekuuzia. Boti yenyewe imesajiliwa kwa jina moja, wewe umeipaka jina lingine. Umeandika Malkia Ndinda, kwa rangi nyekundu, herufi kubwa. Nililiona siku ulipomaliza, nikajifanya sijaona, nikaenda dukani kwangu kuwapigia watu fotokopi na machozi yananitoka. Sasa nakwambia lifute au ulisajili. Mtu wa forodha akikuta karatasi inasema hivi na ubavu unasema vile, hatajali kwamba Ndinda ni mama yako. Atakuuliza boti hii ni ya nani na umeitoa wapi.

Injini ina namba. Iandikishe forodha ukitoka, na ukifika uandikishe kwamba inaingia kwa muda na itarudi, la sivyo utalipishwa kama mfanyabiashara au waizuie. Pasipoti zipigwe muhuri pande zote mbili, hata kama ufuo wote unakucheka kwa kutafuta ofisi. Cheti cha homa ya manjano Akinyi anacho, ni muuguzi. Wewe huna. Na bima ya gari haiifahamu hiyo trela. Kabla hujagusa maji una safari nzima ya barabarani ukivuta kitu ambacho hakuna karatasi inayokijua.

Najua utasema nini. Utasema watu huvuka kila siku bila hayo yote. Ni kweli. Mwalimu naye aliwaona wakivuka. Hakuna aliyekuwa akivuka siku ile aliyekatwa mshahara kwa ajili yake.

Mimi sikutoka kwenye ile kazi nimekuwa mtakatifu wa makaratasi. Bado nayachukia, nayapiga fotokopi kutwa nzima na nayachukia. Nilichotoka nacho ni kidogo: mtu akikuuliza swali fupi akiwa amesimama mlangoni, mara nyingi amelibeba siku nyingi. Asubuhi nilikuuliza inakufikisha wapi. Sikuwa najaza hewa.

Kuna jambo moja nimefanya na hutalipenda.

Akinyi alirudi saa sita kuchukua mkoba wake. Nilimketisha hapa nilipoketi mimi. Nikampa ukurasa wa nne akausoma, halafu nikamweleza habari ya Mwalimu, yote, pamoja na "hukuniuliza." Unajua ni nini kumwambia hayo msichana ambaye hivi karibuni atakuwa ananiita mama kwenye harusi? Nilimwona akinishusha cheo huku namtazama. Nilitaka kuacha katikati. Sikuacha.

Nilipomaliza nikamuuliza kama anajua kuogelea.

"Sijui, Mum," akasema. "Mutua anajua sijui. Aliniambia majaketi ya kuelea yako matatu."

"Umeyaona?"

Akafikiri. "Nimeona mawili."

Mutua. Mawili! Watu watatu! Hapo ndipo nilipotoka nje nikalipiga teke hilo beseni lako, na kidole kimevimba, na sijutii.

Akinyi ametoa neno lake na nalileta kama alivyolisema. Kesho atapanda gari na wewe mpaka Kisumu, kwa sababu anakupenda na hata mimi sijaweza kumtoa hapo. Lakini mguu wake hautaingia kwenye boti mpaka aione nyongeza ya ng'ambo imetiwa sahihi, iwe na jina lako, la boti, na nchi mnayokwenda, na jaketi la tatu liwe mwilini mwa mtu. Brayo asishike usukani. Hayo aliyasema yeye mwenyewe. Alisema pia atakwambia mwenyewe leo jioni, nisikuandikie. Kwa hiyo nimemvunjia neno, nalo utamwambia nimekiri.

Ukitaka kumkasirikia mtu, mimi nipo. Yeye mwache. Msichana anayeweza kumsikia mama mkwe wake akijivua nguo namna ile, kisha akamwoshea kikombe cha chai kabla ya kuondoka, wewe hukumstahili na sijui ulimpataje.

Wakala wako wa bima ana ofisi Kisumu, hufungua Jumatatu. Nimekuandikia barua ya kuomba nyongeza, iko ndani ya faili, imechapwa, imeacha nafasi ya sahihi yako. Nimeichapa mimi. Kama unaona aibu kupeleka karatasi iliyochapwa na karani aliyefutwa, andika yako kwa mkono, wataipokea vile vile. Subirini hapo ziwani siku mbili, tatu, mle samaki, mtazame maji. Visiwa havihami.

Na kama utaamua kunyamaza, ulishushe boti usiku wa Jumapili uende na Brayo, siwezi kukuzuia. Sina ufunguo wako wa boti, sikuuficha, ingawa niliushika mkononi kwa muda mrefu kuliko ninavyotaka kusema. Wewe ni mtu mzima. Ukigonga mtu, utaniona kule. Nitakuja kwa basi, nitakaa nje ya kituo cha polisi nitakachoambiwa uko, na sitakuletea chakula. Nitakwenda kwanza kwa yule uliyemgonga.

Nasikia lango. Ni nyinyi, mnabishana na mlinzi, na Brayo anacheka tena.

Kesho sitatoka nje kukupungia mkono. Nitakuwa jikoni nimekupa mgongo. Usinifuate huko kuniomba msamaha, maana nitakupa, na mimi bado nina hasira.

Mama yako,
Ndinda